Mota ya Kanoni na Taa za Senene

Mimi ni seremala wa Nkwenda, na hasira zangu zinajulikana kuanzia sokoni hadi kwenye nyumba za kulala wageni barabara ya kwenda mpakani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Lakini furaha yangu nayo ni hivyohivyo, haina breki. Siku kaka yangu aliponiletea mashine ya kuranda mbao nilipiga kelele mpaka jirani yangu muuza vitenge, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Pangani, akatoka dukani na kibarakashia mkononi akidhani karakana yangu inaungua.

"Hakuna moto, mzee. Shikamoo," nikamwambia. "Njoo uone mnyama!"

"Marahaba. Mnyama gani tena?"

Mnyama alikuwa bado juu ya lori, amefungwa kwa kamba nene ya katani. Hiyo kamba ni ya kaka yangu na haazimishi mtu, hata mimi niliyezaliwa naye. Anasafirisha mizigo kutoka Mwanza hadi mpakani na kurudi, na kamba hiyo ameizungushia mizigo ya kila aina. Akaifungua polepole, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kiti chake, ndipo vijana wa stendi wakaruhusiwa kugusa mashine. Walihema kama wanabeba ng'ombe. Ilikuwa chuma kitupu, meza yake ndefu kuliko kitanda, na visu vilivyong'aa ndani ya tumbo lake. Ilitoka kwenye karakana moja ya Mwanza iliyofungwa, na kaka aliinunua akisema tutaimiliki wote wawili, yeye mtaji na mimi mikono.

Lazima uelewe nilikuwa naranda kwa mkono. Mlango mmoja wa mninga ulikuwa unaniacha na bega linalowaka mpaka nashindwa kuinua kikombe. Mke wangu alikuwa ananichua kwa mafuta ya moto huku akinicheka, "Fundi mzima unalia kama mtoto anayeogeshwa." Kwa hiyo nilipoiona ile mashine nilitaka kuibusu. Kwa kweli niliibusu, na mdomo ukajaa grisi.

Kisha nikafungua kasha la nyaya kwenye mota yake, nikalifunga tena.

Umeme wangu ni ule wa nyumbani, singo fezi, waya mmoja wa moto na mwenzake wa kurudishia. Mashine ilikuwa inataka fezi tatu. Kwa asiyejua, umeme wa nyumbani unasukuma kwa mkono mmoja, na ule mwingine unasukuma kwa zamu tatu, kama wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja bila kugonganisha michi. Njia ya fezi tatu ilikuwa inapita ng'ambo ya soko. Kuivuta mpaka kwangu kulihitaji nguzo, na nguzo zilihitaji uwezo ambao sikuwa nao.

Kaka akazunguka mashine mara kadhaa, mikono mgongoni.

"Mdogo wangu," akasema, "mashine isiyozunguka ni chuma chakavu. Mwanza kuna fezi tatu kila kona. Mimi nitapita tena hapa mwisho wa mwezi wa kumi nikitoka Murongo na maharage. Nikikuta inazunguka, ibaki. Nikikuta haizunguki, naipakia, na wewe unapanda juu yake. Nitakutafutia chumba."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananitakia maisha. Lakini nilimtazama mke wangu aliyesimama mlangoni na beseni la ndizi, nikaona uso wake ukikunjamana.

Kaka alipoondoka, mke wangu aliweka beseni chini. "Nenda ukitaka," akasema. "Mimi siendi. Mama yangu yuko Ihembe na miguu yake ile, na kibanja changu kiko hapa. Migomba haipandi lori."

"Nani kasema naenda?"

"Hujasema huendi."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kazi ninayoijua ni mbao, na hapo mbele yangu ilikuwa imekaa kazi ya maisha yangu yote, na kazi hiyo ilikuwa inataka umeme wa Mwanza. Nilitaka mashine na nilitaka mke wangu, vyote, hapahapa Nkwenda. Sikuona ni tamaa. Mpaka leo sioni.

Nikaanza kutafuta kwenye simu. Nilitazama mafundi wa Kihindi ambao lugha yao siielewi hata neno, lakini mikono yao naielewa vizuri sana. Na siku moja, saa ya chakula cha mchana, nikaona kitu nikaachia kijiko kikaanguka kwenye mchuzi.

"Mke wangu! Njoo! Njoo uone!"

"Umeungua?"

"Njoo!"

Kumbe, jamani, inawezekana! Unatafuta mota nyingine ya fezi tatu, kubwa kuliko ile ya mashine. Unaiwasha kwa umeme wako huohuo wa nyumbani, inazunguka bure, haibebi kitu. Na ikishazunguka, inatengeneza yenyewe ile fezi unayoikosa. Unachukua nyaya tatu kutoka kwake unazipeleka kwenye randa, na randa haijui kama imedanganywa. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli nikimweleza mke wangu kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mlevi wa mchana.

"Na hiyo mota kubwa iko wapi?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali.

Ilikuwa Kanoni. Niliisikia habari yake kwa wanunuzi wa kahawa: kulikuwa na mama mmoja mwenye shamba kubwa la kahawa ambaye zamani alikuwa na mashine ya kukobolea, mashine ikafa, mota ikabaki. Nilipanda pikipiki asubuhi, nikafika nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba waitu, mwenzetu. Karibu, kaa." Akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, kama ilivyo desturi, na hakuniuliza shida yangu mpaka nilipotafuna ya kwanza ikaisha. Nikamweleza. Akacheka, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Mota ilikuwa pale, kubwa, ya kijivu, imekaa kwenye kona ya banda. Na juu yake alikuwa amelala kuku mweusi.

"Shida ni huyu," akasema mama. "Anataga hapohapo tu. Nikimtoa ataniletea mgomo."

Kuku akanitazama vibaya sana. Nikamwambia yule mama, mimi ni seremala, nitamjengea kuku wako nyumba ambayo kuku wa Kanoni nzima watamwonea wivu. Tukakubaliana papo hapo. Nilirudi na mbao, nikajenga banda lenye kiota cha mbao laini na paa la bati, nikamhamisha malkia mwenyewe kwa mikono yangu, akanidonoa mara ya mwisho, akakaa. Kesho yake mama akanipigia simu kusema ametaga. Nilifurahi kana kwamba yai ni langu! Mota ikaja Nkwenda juu ya pikipiki ya miguu mitatu, na mimi nimeikumbatia njia nzima.

Sasa shida ya pili. Mota kama ile ukiipa umeme wa nyumbani haianzi. Inanguruma tu pale ilipo, mpaka inachemka. Inataka kusukumwa ianze, na kinachoisukuma ni kapasita, kile kikopo kinachomeza umeme na kuutapika kwa kuchelewa kidogo. Nilikwenda mpaka Kayanga. Madukani nikapata nyaya, nikapata swichi nzuri nzito, lakini kapasita zilizokuwepo zilikuwa za feni, ndogo kama vidole. Nikarudi nimenuna. Nikaingia stoo kutafuta kipande cha bomba, nikainua macho, nikaziona.

Taa za mke wangu.

Mke wangu anatega senene, wale panzi wa kuliwa. Msimu ukifika, yeye na wenzake wawili wanapandisha taa kubwa mlimani, zile zenye mwanga unaoumiza macho, wanazungusha mabati na madumu, na senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza ndani. Kila taa ina kisanduku chake cha chuma. Na ndani ya kila kisanduku, pamoja na mengine, kuna kapasita. Si za feni hizo! Nene kama mkono wa mtoto.

Nikamwendea kwa adabu zote. Nikamletea hata kiti.

"Unataka nini?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

"Kapasita za taa zako. Mpaka msimu."

"Taa si zangu peke yangu. Tuko watatu."

"Nisemee."

Akafikiri. Mikono yake ilikuwa inamenya ndizi na haikusimama. "Senene wakianguka," akasema, "nazichukua siku hiyohiyo. Usinipigie hadithi, usiniambie ngoja kidogo. Hata kama umeshikilia ubao mkononi, mimi nafungua naondoka nazo."

"Sawa!"

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Nilikubali haraka kwa sababu senene kwetu ni wa mwezi wa kumi na moja, na kaka alikuwa anakuja mwisho wa mwezi wa kumi. Kalenda ilikuwa upande wangu. Nani angeogopa panzi?

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilikusanya watu, huo ndio ulikuwa ujinga wangu. Jirani muuza vitenge alileta kiti chake. Nikaunganisha kapasita, nikawasha, na mota ikatoa sauti ya ng'ombe mgonjwa, mmmmm, ikatikisika kidogo, ikagoma. Swichi kuu ikajikata, tap! Nikawasha tena. Mmmmm, tap! Watu wakaanza kucheka. Nikaipiga mota teke. Mota ya chuma! Nilicheza mguu mmoja karakana nzima, na jirani yangu akasema kwa utulivu, "Naona wewe ndiye unayezunguka, mwanangu."

Niliwafukuza wote. Nikakaa peke yangu na ule mguu, nikatazama tena ndani ya kasha la mota, na pale ndipo nikaona. Kuna vipande vidogo vya shaba ndani humo vinavyounganisha ncha za nyaya. Vilikuwa vimepangwa kwa umeme mkubwa wa kiwandani, na mimi nilikuwa nawapa wenye njaa ya sahani kubwa kijiko kimoja. Ukivipanga upya, mota inakubali nguvu ya umeme wa nyumbani. Nikavipanga. Nikafanya hivyohivyo kwenye mota ya randa. Safari hii sikuita mtu.

Nikawasha.

Mmmm, ikasema, halafu mmmMMM, halafu ikaondoka! Ikaruka kutoka kwenye ngurumo kwenda kwenye mluzi, laini, sawasawa, na vumbi la Kanoni na manyoya ya yule kuku vikatawanyika karakana nzima. Nikapiga kelele. Nikakimbia nje, nikamshika mke wangu mkono, nikamvuta ndani huku ameshika mwiko, nikabonyeza swichi ya randa. Na randa nayo, ile iliyokaa kama kaburi tangu ishushwe, ikaamka! Nikasukuma ubao wa kwanza. Maranda yakaruka juu, marefu, mepesi, yananukia. Mke wangu akaweka kiganja juu ya ubao uliotoka upande wa pili.

"Ee!" akasema. "Ni kama shavu."

Akaanza kucheza na mwiko wake, na mimi nikacheza, na mguu wenyewe bado umevimba. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa kwamba hatakufa.

Nikampigia kaka simu, nikampelekea na video. Akajibu, "Video za simu naziona nyingi. Nitaona kwa macho." Sawa, njoo uone!

Siku zile nilifanya kazi kama kichaa. Mara moja umeme ulikatika katikati ya ubao, ukarudi papo hapo, mota ikiwa bado inajizungusha kwa mwendo wake. Haikusimama. Iliudaka umeme ikaendelea na mluzi wake. Mke wangu alikuwa ananiletea uji, akaona, akasema, "Hii yako haina hata kinyongo." Nikacheka, nikanywa uji, nikaendelea.

Basi ikaja jioni moja, mwezi wa kumi bado haujaisha, mvua zimeshika. Nilisikia mtu anapiga kelele upande wa soko. Halafu mwingine. Halafu watoto wote wa Nkwenda kwa pamoja, "Senene! Senene!" Nikatoka nje nikaona hewa inatembea. Kijani, kahawia, wanagonga bati la karakana kama mvua kavu. Wamewahi! Mwaka huo walikuwa wamewahi kuliko nilivyokumbuka.

Mke wangu aliingia na bisibisi, khanga ameikaza kiunoni. Akazima swichi kuu, akagusanisha ncha za kila kapasita kwa bisibisi kuzitoa umeme uliobaki, cheche zikaruka, tap, tap, kama mtu anayejua taa zake, akafungua, akazipanga kwenye beseni.

"Ulikula kiapo," akasema.

"Chukua," nikamwambia. Kaka alikuwa bado, na mimi nilishaonja senene wa kukaanga kwa mawazo. "Chukua, ushinde!"

Akapanda mlimani na wenzake, na taa zao zikawaka huko juu. Mimi nikalala vizuri sana.

Asubuhi simu ikalia. Kaka.

"Nimepakia maharage mapema, mvua hii itaniharibia. Nimetoka Murongo alfajiri, niko njiani. Sina muda wa kukaa. Iandae."

"Iandae nini?"

"Uniandalie mashine nione, au uiandae kupakiwa."

Akakata simu. Halafu nikaanza kukimbia kwenda mlimani, na njiani nikakutana na mke wangu anashuka. Kalowa, nywele zimeshikana, mbawa za senene zimemganda shingoni, na magunia mawili yanatikisika yenyewe kwenye baiskeli anayoisukuma. Uso wake unang'aa. Alikuwa hajawahi kupata hivyo.

"Kapasita ziko wapi?"

"Kwenye taa. Mlimani."

"Kaka anakuja! Sasa hivi!"

Furaha ikamtoka usoni. Nililiona hilo na liliniuma. "Mvua inanyesha kule juu," akasema. "Nguzo zimelowa, nyaya zimelowa, na wenzangu wameshaondoka na ngazi. Nikipanda sasa nitakufa."

Nikafoka. Nilifoka mpaka muuza vitenge akafungua mlango. Nilifokea senene, mvua, maharage ya Murongo, kalenda, kila kitu isipokuwa yeye, maana yeye alikuwa ametenda vilevile alivyoniambia. Na katikati ya kufoka lori la kaka likaingia mtaani, matope hadi kwenye madirisha.

Akashuka. "Shikamoo, kaka," nikasema. "Marahaba," akajibu. "Shemeji, hamjambo. Haya, iwashe."

Nikamweleza. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikieleza habari ya panzi, taa na mlima, na hata mimi nisingejiamini. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, na huruma iliyokuwa machoni pake ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Mdogo wangu, hakuna aibu," akasema. Akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa ile kamba ya katani, akaitupa kwenye meza ya randa. "Tuite vijana. Ukachukue nguo zako."

Mke wangu hakulia. Alisimama pale ameshika usukani wa baiskeli, anaitazama kamba. Halafu akaitazama mota. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeokota kitu chini, "Ile siku umeme ulikatika. Nilipokuletea uji."

"Uji gani sasa!"

"Umeme ulikatika, ukarudi, na yenyewe ikaendelea. Hukuigusa. Si ilikuwa bado inazunguka?"

Mungu wangu! Kapasita ni za kuisukuma ianze. Ikishazunguka haijali imesukumwa na nani. Ingekuwa kapasita, ingekuwa mimi, ingekuwa punda!

Nikaichukua kamba ya kaka bila kumwomba. Nikaizungusha kwenye puli ya mota, gurudumu lake la mkanda, mzunguko juu ya mzunguko, kama unavyozungushia pia ya mtoto.

"We! Kamba yangu hiyo!"

"Kaa kando, kaka! Mke wangu, swichi! Nikisema sasa, bonyeza!"

Nikavuta. Nilivuta kwa lile bega langu bovu na kwa hasira zote ambazo Nkwenda inazijua. Mota ikazunguka. "Sasa!" Akabonyeza. Mmmm, ikasita, nikaona kifo, halafu mmmMMM, ikaondoka! Watu waliokuwa wamejaa mlangoni wakashangilia. Randa ikaanza kwa uvivu, taratibu, ikakusanya mwendo. Nikanyakua ubao, nikausukuma.

Ubao haukurandwa. Ulisuguliwa tu, ukatoa moshi, halafu ukanyakuliwa mikononi mwangu ukaruka mpaka barabarani, na mbuzi wa mtu akaponea chupuchupu.

Kicheko! Kaka mwenyewe alishika mbavu. Mimi nikasimama natazama visu vinavyozunguka, na nikaona vinazunguka kinyumenyume. Nilikuwa nimeizungusha kamba upande usio wake. Mota ilifuata nilikoivutia, na randa ikaifuata mota, watiifu wote wawili.

"Zima!" nikasema. Mke wangu akazima. Tukasubiri isimame, na hakuna muda mrefu kama huo. Nikazungusha kamba upande wa pili. Safari hii bega likagoma, mkono haukupanda. Mke wangu akamsukuma muuza vitenge kwenye swichi, "Mzee, bonyeza akisema," akaja akashika kamba mbele ya mikono yangu. Mikono yake ilikuwa inanuka senene na mvua.

Tukavuta pamoja.

"Sasa!"

Mzee wa watu akabonyeza amefumba macho. Mota ikaondoka. Randa ikaamka. Nikaweka ubao wa mninga, nikausukuma kidogokidogo, maana bila kapasita haikuwa na ubavu wake wote, na maranda yakaanza kutoka, marefu, yanajikunja, yanamwangukia kaka yangu kwenye viatu vyake vya safari.

Akajikung'uta maranda. Alichukua ule ubao, akapitisha kiganja mara moja, akaugeuza, akapitisha tena. Kisha akautia kwapani kama wake, akaelekea kwenye lori.

"Naondoka, maharage yananyeshewa," akasema.

"Huondoki mikono mitupu, shemeji," akasema mke wangu, akampandishia gunia moja la senene. Likawa linatikisika juu ya maharage.

Nilikumbuka nikakimbia na kamba. "Kaka! Kamba yako!"

Alikuwa ameshawasha gari. Akaitazama kwa muda, ile kamba ambayo hajawahi kumwazima mtu. "Iache hapo," akasema. "Mtaihitaji zaidi yangu." Na lori likaondoka.

Mchana ule mke wangu alinyonyoa senene, akakaanga kwa chumvi, akaniletea bakuli karakanani. Kwetu bakuli la kwanza la msimu ni la mume, na mume anajibu kwa kitenge. Jirani yangu anajua desturi hiyo kuliko sisi, maana ndiyo msimu wake wa kuuza. Alikuwa ameshaingia na kile cha maua mekundu ambacho mke wangu alikuwa akikipapasa kila anapopita dukani.

Mke wangu akakishika, akakipima begani, akakikunja, akamrudishia.

"Asante, mzee. Kirudishe," akasema. "Mwaka huu nimeshapewa changu, na hakikupanda lori." Akakaa chini juu ya maranda, karibu na miguu yangu, akaanza kula kwenye bakuli langu.

Nililia. Ndiyo, nililia mchana kweupe, mlango uko wazi, na aliyecheka ninamjua.